Anayepiga Makofi Naye Anacheza

Kuna neno moja ambalo sina budi kuligombeza kabla sijasema lolote lingine. Neno lenyewe ni "watazamaji". Siku hizi kila penye ngoma, iwe Ngara mjini, iwe Biharamulo, iwe katika kijiji kisicho hata na duka la chumvi, mshereheshaji hushika kipaza sauti na kututangazia kwamba wachezaji wako tayari, kwa hiyo watazamaji wasogee nyuma. Wachezaji kumi na wawili, watazamaji mia tano. Wale kumi na wawili wana sare, hawa mia tano wana macho tu. Nasema neno hilo ni geni katika ngoma zetu, tena ni neno lenye madhara, na wanaolitumia kila siku hawajui ni kitu gani wanachokizika.

Sisi wa Bugufi tulikulia katika ngoma isiyokuwa na mtazamaji. Watu walisimama duara. Mmoja alianzisha wimbo, wengine wakaupokea, makofi yakashika mwendo. Ndipo mtu mmoja, au wawili, au wanne, walipoingia katikati. Mikono ikainuka na kupinda kama pembe za ng'ombe wetu wa pembe ndefu, miguu ikakanyaga ardhi pale pale makofi yalipoangukia. Baada ya muda mfupi walirudi mahali pao na wengine wakaingia. Sasa tazama jambo hili ambalo wengi hawalitilii maanani: yule aliyerudi hakwenda kukaa. Alisimama katika duara, akaitikia na kupiga makofi kwa ajili ya yule aliyempisha.

Kwa nini afanye hivyo, naye amechoka, jasho linamtiririka? Kwa sababu ana deni. Alipokuwa katikati, pumzi aliyoitumia haikuwa yake peke yake. Mtu anayeruka na njuga miguuni hawezi kuimba vizuri papo hapo, wala hawezi kujipigia makofi. Wimbo wake umebebwa na wengine. Wameushika usianguke ili yeye apate kuruka. Akirudi kwenye duara analipa alichokopeshwa. Huu ndio msingi wote wa ngoma, na mtu asiyeuelewa anaweza kujua hatua zote na bado asijue kucheza.

Kwa hiyo aliyesimama hakusimama bure. Yumo kazini. Wapo wanaodhani kwamba kusimama ni kukosa nafasi, kama abiria aliyekosa kiti katika basi. La hasha! Ubaya haupo katika kusimama, ila katika kusimamishwa moja kwa moja bila zamu ya kuingia. Vivyo hivyo ubaya haupo katika kucheza katikati, bali katika kucheza katikati moja kwa moja bila kurudi kulipa deni.

Anayetaka ushahidi azisikilize ngoma za jirani zetu wa Burundi, ambazo sisi wa mpakani tumezisikia tangu tukiwa migongoni mwa mama zetu. Ngoma hizo hupangwa nusu duara, na katikati huwekwa moja inayoitwa inkiranya. Pembeni zipo ziitwazo amashakwe, ambazo kazi yake ni kushika mdundo ule ule bila kuchoka wala kujipamba. Zipo pia ibishikizo, zinazoifuata inkiranya inakokwenda. Wapigaji hutoka mmoja mmoja, wakaijia ile ya katikati, wakaruka, wakacheza, wakaonyesha ufundi wao, kisha wakarudi. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Nawauliza wale wanaodharau mwitikiaji: ondoeni amashakwe, mbakize yule shujaa wa katikati na inkiranya yake, je, mtasikia nini? Mtasikia mtu anayegonga gogo.

Tuvuke sasa twende Biharamulo, maana huko nako kuna fundisho. Wilaya hiyo ni ya Wasubi na Wazinza, lakini kwa miaka mingi sasa imewapokea Wasukuma wengi waliokuja na ng'ombe na majembe yao, na ngoma zao pia. Miongoni mwake ni bugobogobo, ngoma ya majembe. Asili yake ni kilimo cha pamoja: kundi la watu linaingia shambani likiwa limejipanga, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Mpiga ngoma halimi hata tuta moja. Lakini jioni, pombe na nyama zikiletwa, hakuna anayemwambia, "Wewe hukulima." Kila mwenye jembe anajua kwamba mgongo wake usingefika mwisho wa shamba kama si ile ngoma.

Wasukuma hao hao wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo inasimuliwa vilianzishwa na mafundi wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Vyama hivi hushindana. Hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila upande na manju wake. Je, nani huamua mshindi? Ni umati. Watu wanahama kutoka upande huu kwenda upande ule, na upande unaozungukwa na watu wengi ndio ulioshinda. Mpaka leo, wakati wa sherehe za Bulabo kule Bujora karibu na Mwanza, mtu anaweza kushuhudia jambo hilo kwa macho yake. Yule asiyecheza ndiye mwamuzi, na kura yake anaipiga kwa miguu. Huyo tumwite mtazamaji? Manju anamwogopa kuliko anavyomwogopa mpinzani wake!

Hata methali yetu ya Kiswahili inalijua jambo hili. Mcheza kwao hutunzwa. Watu hutaja nusu ya kwanza kwa kelele, wakaimeza nusu ya pili. Hutunzwa na nani? Ni yule aliyesimama, anayetoka mahali pake na kumbandika noti kwenye paji la uso. Methali nzima ina watu wawili ndani yake, na sisi tumembakiza mmoja.

Sasa nani aliyeliharibu duara? Sipendi lawama za jumla, basi nitaeleza ninavyoona mimi. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, alipokuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule walijua dansi za Kizungu na hawakujua ngoma za kwao. Alikuwa na haki kabisa. Lakini dawa iliyofuata ilikuwa na sumu kidogo ndani yake. Tuliunda kikundi cha taifa, halafu mwaka 1981 tukawa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na kila wilaya, kila tarafa, kila shule ikataka kuwa na kikundi chake. Kikundi kina idadi maalumu, kina sare na mazoezi. Kikundi kinamchezea mtu. Na mtu huyo ana jina: mgeni rasmi.

Hapo ndipo duara lilipovunjika. Mgeni rasmi anakaa meza kuu chini ya turubai, na adabu haituruhusu kumpa mgongo. Basi upande mmoja wa duara ukafunguliwa ili aone. Wachezaji wakajifunza kumtazama yeye badala ya kutazamana. Waitikiaji wakaonekana wanaziba, wakasogezwa. Kisha ikaonekana kelele zao hazina mpangilio, wakanyamazishwa, na kazi yao wakapewa vijana wanne wa kikundi wenye kipaza sauti. Mimi mwenyewe nimeona kamba ya katani ikifungwa kwenye vigingi kuzunguka uwanja, na bibi mmoja aliyejisahau, wimbo ukiwa umemfika moyoni, akaivuka kamba hiyo mikono juu. Kijana mwenye fimbo akamrudisha nyuma kama mbuzi aliyeingia shambani. Wimbo huo bibi yule aliujua kabla baba yake kijana yule hajazaliwa. Sitataja ilikuwa sherehe gani, maana hainisaidii kitu, na waliokuwapo wanajua.

Msije mkanielewa vibaya kuhusu nusu duara. Nimetoka kuwasifu wapiga ngoma wa Burundi, nao hupanga nusu duara. Umbo si kosa. Kosa ni pale anayekaa upande ulio wazi anapokuwa mtu asiyedaiwa kitu: haitikii, hapigi makofi, wala hakuna anayetarajia ainuke.

Lakini polemiki ya kupiga upande mmoja ni ya uvivu, na mimi nina ugomvi na upande wa pili pia. Wapo vijana wetu waliosoma, wenye nia njema, ambao wameliona tatizo hili na kuleta dawa yao. Wanasema: kila mtu acheze! Muziki unafunguliwa, spika mbili kubwa kama makabati, watu wote wanaingia katikati kwa pamoja, kila mmoja anajitikisa anavyojua, na eti hiyo ndiyo demokrasia ya ngoma. Harusi zetu sasa zinakwisha hivyo. Nasema huko nako hakuna ngoma. Wote wakiwa katikati, nani yuko kwenye duara? Wote wakicheza, nani anawashikia wimbo? Jibu ni kwamba wimbo unashikwa na mashine, na umeme ukikatika sherehe imekufa. Mia mbili wamesimama gizani, hakuna hata mmoja anayejua kuanzisha.

Tena dawa hiyo ina ukatili ambao waliyoileta hawauoni. Katika duara mzee mwenye goti bovu alikuwa na kazi ya heshima: sauti yake ilikuwa nguzo. Mama mwenye mtoto mgongoni alipiga makofi bila kumwamsha mwanawe. Kijana mwenye haya alisimama mwezi mzima akisikiliza kwa miguu, mpaka siku moja duara lenyewe likamsukuma katikati. Chini ya amri ya "kila mtu acheze" watu hao watatu wamefukuzwa. Asiyeweza kujitikisa anakaa kwenye kiti cha plastiki ukutani, anashika simu, naye amekuwa mtazamaji. Kwa njia mbili tofauti tumefika shimo lile lile.

Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikaota Ngara kama uyoga. Walikuja pia wageni wengi wa mashirika ya misaada. Mmoja wao, Mmarekani wa majimbo ya kaskazini mashariki, alinieleza ngoma ya kwao iitwayo kontra. Watu husimama safu mbili ndefu zinazotazamana, wawili wawili, na kila wawili wana namba: wa kwanza na wa pili. Katika ngoma za zamani, kama ile iitwayo Chorus Jig, wa kwanza ndio wanaofanya karibu kila kitu. Wanakwenda na kurudi, wanazunguka, wakati wa pili wamesimama, wanaingia kidogo pale wanapohitajiwa. Kila mzunguko ukiisha, wa kwanza wamesogea mbele hatua moja na wa pili wamerudi nyuma hatua moja. Wakifika mwisho wa safu hungoja mzunguko mmoja nje, halafu hurudi ndani wakiwa na namba nyingine. Aliyekuwa wa kwanza amekuwa wa pili.

Nilipomsikia nilicheka kwa furaha, maana nililiona duara letu limenyooshwa likawa mstari. Lakini akaniambia kwamba kwao, hasa tangu miaka ya 1970, watunzi wengi walichoka na kusimama huko, wakatunga ngoma ambazo wote wanatembea wakati wote kwa usawa, na ngoma za kusimama zikabaki chache. Nilimwuliza: sasa pumzi wanavutia wapi? Na wakati gani unamtazama mwenzako, ukamwona kwamba leo kapendeza, ukamsemesha neno? Akasema hayo ndiyo maneno ya wazee wa kwao pia. Sina mamlaka ya kuwapangia Wamarekani ngoma yao. Natoa mfano huu ili vijana wetu wajue kwamba usawa una njia mbili: kuwapa wote kazi moja kwa wakati mmoja, au kuwapa wote kazi zote mbili kwa zamu. Njia ya kwanza ni rahisi kuipima. Ya pili ndiyo inayofunza watu kuishi pamoja.

Hapa atainuka mtu na kuniambia: mzee, unasifu ya kale kana kwamba hayakuwa na dhuluma. Sawa, ninajibu. Ya kale yalikuwa na dhuluma, na dhuluma yenyewe ilikuwa hii hii ninayoipinga. Ngoma kubwa za kupigwa kwa fimbo zilikuwa za wanaume. Mwanamke alipiga makofi na vigelegele maisha yake yote, na zamu ya kuishika ile fimbo haikumfikia hadi anaingia kaburini. Huyo alisimamishwa moja kwa moja. Sisi wa Ngara tunakaa kati ya majirani wawili ambao wamelijibu jambo hili kwa njia mbili. Ng'ambo ya Rusumo, tangu mwaka 2004, kuna kikundi cha wanawake wa Rwanda cha Ingoma Nshya, kilichoanzishwa na Odile Gakire Katese, na wanawake hao wamezipiga ngoma hizo mbele ya mataifa, wala mbingu hazikuanguka. Upande wa Burundi, Oktoba 2017, Rais Nkurunziza alitia sahihi amri iliyowakataza wanawake kuzipiga. Basi na tuchague. Mimi nimekwisha kuchagua: zamu isiyomfikia mwanamke si zamu, ni cheo.

Nilipokuwa nikiyawaza haya nilikumbuka jambo la kanisani, maana Wakatoliki wengi wa Jimbo la Rulenge-Ngara wataelewa mfano huu upesi. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia, ulitaka waumini washiriki ibada kwa utendaji badala ya kuwa kama watu wa nje wanaotazama. Na hati hiyo, ilipohesabu namna za kushiriki, ilitaja kuitikia, kuimba, ishara za mwili, kisha ikataja na ukimya mtakatifu kwa wakati wake. Naam, ukimya! Maaskofu wa dunia nzima waliona kwamba anayenyamaza kwa wakati wake yumo ndani ya ibada. Leo ingia katika baadhi ya makanisa yetu uone: kwaya inaimba nyimbo ngumu ambazo hakuna mwingine anayeweza kuzipokea, vinanda vinalia, na waumini wamekaa kimya. Lakini ukimya wao si ule wa mtaguso. Ni ukimya wa watu waliosahaulika.

Mtaniuliza: mzee, hii ni ngoma tu, kwa nini ukunje uso hivyo? Ninakunja uso kwa sababu ya watoto. Katika shule yenye watoto mia sita mwalimu anachagua ishirini wa kikundi cha ngoma. Hao ishirini watajifunza hatua. Je, mia tano na themanini watajifunza nini? Kukaa. Watajifunza kwamba jambo zuri hufanywa na wengine, wao wapige makofi mwishoni, tena pale wanapoambiwa. Hata hao ishirini wamepunjwa, maana hawajui kusimama nyuma ya mtu na kumbeba. Siku kikundi kikivunjika, na vikundi huvunjika, hakuna mtu kijijini anayejua kiitikio. Wimbo usio na kiitikio haudumu hata msimu mmoja. Mzee mmoja akifa na hatua zake, hatua nyingine zitatungwa. Lakini duara likisahau kuitikia, hata mzee akifufuka hapati pa kuchezea.

Wala mtoto huyo haiachi tabia hiyo uwanjani. Ataingia nayo katika mkutano wa kijiji, ambako watatu watasema na mia tatu watasikiliza. Ataingia nayo katika kilimo cha jirani, katika msiba, katika kuchimba mtaro wa maji. Yule aliyewahi kuingia katikati na kurudi kwenye duara anajua jinsi ya kuongoza na jinsi ya kumwacha mwenzake aongoze. Sijui shule nyingine inayofundisha mambo hayo mawili kwa pamoja, bila kitabu na bila ada.

Kwa hiyo nina madai, na nayatoa kwa uwazi. Walimu, fundisheni kiitikio na makofi kwa shule nzima kabla hamjachagua mchezaji mmoja, na kila atakayeingia katikati arudi apige makofi. Viongozi wa vikundi, siwaonei kijicho kwa bahasha zenu, jasho lenu ni halali. Lakini kila mchezo wenu uwe na sehemu ambapo uwanja unafunguliwa na mwenye wimbo moyoni anaingia, awe bibi, awe mtoto. Wanaume wa Bugufi na Bushubi, wapeni binti zenu fimbo za ngoma. Maharusi, kabla ya kuwasha spika, chukueni saa moja ya duara.

Na ninyi mnaoalikwa kuwa wageni rasmi, nawaomba jambo moja ambalo halina gharama. Siku nyingine ngoma itakapoanza, ondokeni meza kuu, nendeni mkasimame kati ya watu mpige makofi. Zamu ikiwafikia, ingieni. Mkikosea hatua, watu watacheka na kuwatunza. Kisha rudini kwenye duara mlipe.